Jumapili asubuhi ndani ya baa ya Elephant & Castle: UK garage na chumba kilichoilea

Tuanze na mazingira, maana bila hayo kisa hakieleweki. London ya kusini, manispaa ya Southwark, katikati ya miaka ya 1990, Jumapili asubuhi. Watu wanatoka klabu ya Ministry of Sound pale Gaunt Street wamekesha, jua limeshawaka, masikio bado yanavuma, na kundi kubwa kati yao halina mpango kabisa wa kwenda kulala. Ukitembea dakika kama tano unafika kwenye ile raundabauti kubwa na pale konani kuna baa inaitwa Elephant & Castle, jina moja na mtaa wenyewe. Si klabu hiyo. Ni baa ya kawaida ya Waingereza, ya mtu kukaa na glasi ya bia akapiga stori za mpira. Humo ndo Matt "Jam" Lamont, Mickey Simms na wenzao wakawa wanapiga garage ya Kimarekani, mziki wa kucheza wa klabu za New York na New Jersey, kwa hao waliogoma kulala, na kilichotokea humo ndo kikaja kuitwa "Sunday Scene", na mtu yeyote akikusimulia UK garage, yaani garage ya Kiingereza, ilikotoka lazima apitie hapo.

Sasa hii stori inasimuliwa sana ila inasimuliwa kwa majina, nani alipiga, nani alikuwepo, nani alianza. Mi nataka kuiangalia kwa upande wa chumba. Yaani baa yenyewe, saa yenyewe, siku yenyewe. Kwa sababu ukitulia ukaviangalia vile vitu ambavyo leo tunavitambua kwamba ni UK garage, spidi yake, sauti zilizokatwakatwa, MC juu ya mdundo, kurudisha ngoma mwanzo, utaona vingi vinajibu shida fulani ya kupiga mziki sehemu ambayo haikujengwa kwa ajili ya mziki, saa ambayo wenzako wako kitandani au kanisani.

Kwanza ujue hao watu walikuwa wametokea kwenye chumba cha namna gani. Ministry of Sound ilifunguliwa Septemba 1991 kwenye gereji ya zamani ya mabasi. Justin Berkmann, mmoja wa waanzilishi, alikuwa ameishi New York akaipenda Paradise Garage kupita kiasi, ile klabu ya King Street ambayo nayo ilikuwa jengo la kuegeshea magari, iliyodumu kuanzia 1977 mpaka 1987 na DJ wake Larry Levan. Berkmann akataka kitu hicho hicho London: spika kwanza, taa baadae, mapambo mwishoni kabisa. Mwanzoni hata leseni ya pombe hawakuwa nayo, unaingia kucheza na kusikiliza basi. Levan mwenyewe alikuja kupiga hapo miezi ile ya mwanzo, mwaka mmoja na kidogo tu kabla hajafariki Novemba 1992. Halafu 1993 wakamchukua Tony Humphries awe DJ wao wa kudumu, huyu ni mtu wa New Jersey, klabu yake ya nyumbani pale Newark ilikuwa ndani ya moteli na ilikuwa inaitwa Zanzibar. Ndio, Zanzibar. Hakuna urojo wala Forodhani, ila jina ndo hilo, na mziki wa humo ulikuwa na kwaya za kanisani, piano na waimbaji wa kike wenye mapafu hasa.

Kwa hiyo mtu anayetoka Gaunt Street asubuhi ametoka kusikia mziki huo kwenye moja ya mitambo bora kabisa ya Ulaya, kwenye boksi jeusi lisilo na dirisha, ambapo besi inakuingia tumboni bila kukuumiza masikio na sauti ya mwimbaji unaisikia mpaka pumzi. Halafu anaingia baa. Na DJ wa baa ana santuri zile zile.

Hapo ndo kesi yenyewe ilipo, na nadhani watu wanaipita haraka mno. DJ hawezi kushindana na Ministry kwa Ministry. Ngoma ya Newark ya midundo 120 kwa dakika inahitaji mtambo mzuri ili isimame, kwa sababu utamu wake uko kwenye vitu vidogo, kwenye nafasi kati ya kinanda na besi, kwenye mwimbaji anavyoingia taratibu. Ukiichukua ukaipiga kwenye spika za kukodi ndani ya baa yenye zulia, kaunta ya mbao, madirisha makubwa na watu wanaongea, nusu ya ule utamu unabaki kwenye santuri. Mi nimeshapiga mziki kwenye baa na kumbi za ovyo kiasi cha kujua kwamba ngoma taratibu ndo ya kwanza kufa kwenye chumba kibaya. Alafu wasikilizaji wenyewe wamecheza usiku mzima, miguu imechoka ila kichwa bado kinakimbia (zama zile za vidonge, tusijifanye hatujui), ukiwapa taratibu wanakaa, wakikaa wameisha, wanaagiza teksi.

Jibu likawa mkononi kabisa. Mashine za Technics SL-1200, ambazo kila DJ alikuwa anatumia, zina kile kitelezi cha pembeni cha kuongeza au kupunguza spidi, kinaenda asilimia 8 juu na asilimia 8 chini, basi, hakiendi zaidi. Wakakisukuma juu. Piga hesabu: ngoma ya 120 ukiiongeza asilimia 8 inafika kama 129 na nusu, ya 122 inakaribia 132. Na ukiuliza UK garage inakimbia spidi gani utaambiwa 130 hivi, kidogo juu kidogo chini. Hiyo namba haikupangwa na mtu mezani. Ni dari ya kitelezi. Kama Technics wangetengeneza mashine inayoishia asilimia 5 pengine tungekuwa na mziki mwingine leo, na kama ingekuwa asilimia 16 nao ungekuwa mwingine kabisa, sijui kama kuna aina nyingine ya mziki mkubwa duniani ambayo tempo yake imekatwa na kipande cha plastiki namna hii.

Lakini mashine zile hazina uwezo wa kuongeza spidi huku sauti ikibaki pale pale kama programu za siku hizi. Ukiongeza asilimia 8 na sauti inapanda, zaidi kidogo ya nusu toni. Kinanda kikipanda hivo hakuna atakayelalamika. Besi ikipanda ngoma inachangamka. Ila yule mama wa kwaya akipanda hivo anaanza kuwa mtoto, na kwenye baa ya wazi mchana kweupe watu wanacheka. Kwa hiyo DJs wakageuza santuri upande wa pili, kule kunakokuwa na dabu, toleo ambalo mwimbaji ameondolewa kabaki kwenye vipande vipande tu, neno hapa, kilio pale, na kilichobaki ni ngoma na besi. Upande ambao Wamarekani waliuweka kama nyongeza, London ukawa ndo mlo wenyewe. Todd Edwards wa New Jersey alikuwa anakatakata sauti vipande vidogo sana anavipanga upya mpaka vinakuwa ala, akapendwa Uingereza kuliko kwao, na ukiifikiria hii hali ya baa unaelewa kwa nini, maana vipande vya sauti havina umri, hata ukivikimbiza havigeuki kuwa katuni.

Na sasa umetoa mwimbaji, kuna nafasi. Nafasi kwenye mziki haikai wazi London ya kusini, hasa sio kwenye mji ambao watu wa Karibiani wamekuwa wanajenga masaundi, yaani mitambo yao ya spika ya kupigia madansi, tangu miaka ya 1950. Anaingia mtu na maiki. Mwanzoni kazi yake ni ya mwenyeji tu, anakaribisha watu, anatangaza DJ, anasalimia mtu wa Peckham na mtu wa Brixton, anawaamsha walioanza kuegemea ukuta. Wengi walikuwa wameshapitia jungle, mziki wa Kiingereza wa ngoma za kasi sana, huko ambako MC ni lazima, wakaja na mtindo wao lakini wakaupunguza moto kwa sababu mziki wenyewe ni wa kuvaa vizuri na kutabasamu. Hiyo mistari mifupi mifupi inayokimbia na haihemi, ile ya kucheza na silabi kuliko kusema jambo, ilizaliwa kwenye hiyo nafasi iliyoachwa na mwimbaji. Miaka sita saba baadae ikageuka kuwa makundi makubwa yenye MCs kumi, halafu grime, mziki wa kurap wa London, lakini hiyo ni kesi nyingine na ina hasira zake.

Niseme wazi kwamba kuna maelezo mengine ya hii spidi na yana nguvu. Kuna wanaosema garage iliharakishwa kwenye vyumba vya pili vya sherehe za jungle: chumba kikubwa kinapiga jungle ya 160 na kitu, chumba kidogo kinapiga garage ili watu wapumzike, na DJ wa chumba kidogo anaongeza spidi ili mtu akitoka kule asisikie kama ameingia kwenye lifti ya hoteli. Jungle ilipoanza kuwa ngumu na ya giza, kina dada wakahamia chumba kidogo, na kina kaka wakawafuata, kama kawaida yetu. Mi siioni kama ni ugomvi kati ya stori mbili. Chumba cha pili nacho ni sehemu ambayo haikupangwa, ni korido yenye spika, na DJ wake anajibu kitu kile kile: watu wanaokuja kwako wametoka sehemu nyingine yenye nguvu zaidi na wewe una mtambo mdogo zaidi. Tofauti ni kwamba baa ya Elephant ilikuwa na uhakika wa kundi lile lile kila wiki, na kundi linalorudi ndo linalomfundisha DJ. Ukipiga kwa watu wapya kila siku hujifunzi kitu, unarudia tu kile kinachofanya kazi.

Kuna hili la besi pia ambalo nalipenda na sioni likiongelewa. Wimbi la sauti la hezi 50 (mitetemo 50 kwa sekunde) lina urefu wa karibu mita 7. Kwenye ukumbi mkubwa linapata nafasi ya kutembea. Kwenye chumba ambacho ukuta kwa ukuta ni mita 3 na nusu, au urefu wowote unaolingana na nusu ya wimbi, noti hiyo inasimama hapo hapo, inavimba, glasi zinatetemeka kwenye rafu, halafu noti ya jirani yake haisikiki kabisa. Ndo maana kwenye vyumba vidogo besi inayokaa noti moja muda mrefu ni mateso, lakini besi inayoteleza, inayopanda na kushuka, inayokatika na kurudi, inapita juu ya huo ubovu wa chumba. Sasa sikiliza besi za garage ya Kiingereza ya 1996 na 1997 ulinganishe na za Newark. Za Kiingereza zinateleza, zinapinda, zinaguna. Sehemu kubwa ya hiyo imetoka jungle na dabu ya Jamaika, hilo halina ubishi, na siwezi kusema mtu alikaa studio na futi kamba. Ila mtayarishaji aliyekuwa anaenda kusikiliza ngoma yake Jumapili ndani ya baa na vilabu vidogo alikuwa anasikia kwa masikio yake ipi inafanya kazi na ipi inazama, na Jumatatu anarudi studio.

Na mzunguko huo ulikuwa mfupi kuliko watu wanavyodhani. Unamaliza ngoma katikati ya wiki, unaipeleka kwenye sehemu kama Music House kukatiwa dabupleti, ile sahani ya asetati inayokatwa nakala moja, laini, inayoanza kuchakaa baada ya kupigwa mara chache tu, na Jumapili DJ anaicheza. Kama imewaka, unatafuta hela ya kubonyeza vainili mia chache. Kama imezima, umepoteza hela ya sahani moja basi. Watayarishaji kama Grant Nelson na lebo ya Nice 'N' Ripe, Lamont mwenyewe na Karl "Tuff Enuff" Brown walipoungana kuwa Tuff Jam, hawa hawakuwa wanaiga tena Marekani, walikuwa wanatengeneza ngoma ambayo tayari ina 130, kitelezi kinakaa katikati, mwimbaji anaweza kurudi kwa sauti yake ya kawaida. Hapo ndo imeshakuwa mziki wa London. Kwanza waliigeuza ya wenzao kwa mkono, baadae wakaanza kuandika ile iliyogeuzwa.

Hii njia, mziki kuharakishwa kwanza na DJ kwenye sherehe halafu studio ifuate, mtu wa Dar anaijua bila kuelezwa. Singeli ilifika hivo hivo, taarabu inakimbizwa kwenye vigodoro kabla hakuna mtu aliyeiita aina ya mziki, na MC anaingia juu. Hakuna aliyemuiga mwenzie. Ni watu wawili tofauti wenye uwanja usio rasmi na umati usiotaka kulala.

Turudi kwenye siku. Kwa nini Jumapili? Jibu rahisi ni kwamba Jumapili ndo Jumamosi inapoishia. Lakini kuna la pili. Usiku wa Ijumaa na Jumamosi kwenye kumbi za maana za London ulikuwa umeshakamatwa, na mapromota weusi wa mziki mpya walikuwa wanapewa kilichobaki, na kilichobaki ni Jumapili. Kisheria Jumapili ilikuwa siku ya ajabu Uingereza. Kulikuwa na sheria ya mwaka 1780, elfu moja mia saba na themanini, inayokataza kulipisha kiingilio kwenye burudani siku ya Jumapili, ikaja kulegezwa kidogo kidogo kwa sinema na matamasha ya muziki, ila dansi ya kulipia ikabaki na kiwingu juu yake mpaka mwaka 2000 ndo wakaiondoa kwenye katazo hilo. Na baa nazo hivo hivo: mpaka Agosti 1995 baa za Uingereza Jumapili zilikuwa zinauza pombe kuanzia saa sita mchana mpaka saa tisa, zinasimama, zinaanza tena saa moja jioni mpaka saa nne na nusu usiku. Mwaka huo ndo wakaruhusu kuunganisha, saa sita mchana mpaka saa nne na nusu bila kukatiza. Angalia mwaka. Ni katikati kabisa ya hii stori. Mchana mzima wa Jumapili ukafunguka kibiashara wakati ule ule ambao kulikuwa na watu wanataka kuujaza, na mwenye baa ambaye Jumapili mchana alikuwa anaangalia wazee wanne na mbwa wao, sasa ana ukumbi umejaa vijana waliotoka kukesha. Hakuna promota anayemwambia mwenye baa habari za utamaduni. Anamwambia habari za mauzo.

Eneo lenyewe nalo lilisaidia. Elephant & Castle ya wakati huo ilikuwa saruji, raundabauti, njia za chini ya ardhi na shopping senta ya 1965 ambayo Waingereza walipenda kuisema vibaya. Pembeni ya baa kulikuwa na lile jengo la msanifu Ernő Goldfinger lililojengwa kuwa ofisi za wizara ya afya, sio nyumba za watu. Jumapili nani atalalamika kelele? Magari yenyewe ya raundabauti yanapiga kelele kuliko wewe. Promota yeyote anajua hii: ukumbi mzuri kwenye mtaa wenye majirani ni shida tupu, ukumbi wa ovyo sehemu isiyo na majirani ni mali.

Mwanga. Hili nalo. Klabuni giza linakuficha, unaweza kuwa na jasho, shati limetoka, hakuna anayeona. Baa ya mchana ina madirisha. Unaonwa. Si kwamba mchana ndo uliozaa suti na viatu vya ngozi, kuvaa kwa watu weusi wa London siku ya Jumapili kuna historia ndefu, kuna kanisa humo na kuna madansi ya wazazi wao. Ila ukichanganya Jumapili, mwanga na kundi linalojuana, unapata watu wanaokwenda nyumbani kwanza kuoga na kubadilisha ndo waje, na wengine wanaoanza kuja moja kwa moja kutoka nyumbani bila hata kupita Ministry. Hapo kundi limebadilika. Sio tena wale waliobaki na usiku, ni watu wamelala, wamepiga pasi, wana hela ya chupa. Baadae kwenye Twice as Nice pale Colosseum, Vauxhall, ambayo nayo ilikuwa Jumapili, ikawa sheria mlangoni: hakuna raba, hakuna jinzi, na ndani ni shampeni na nguo za Moschino. Watu wanaicheka hiyo zama na mi naelewa, ilifika mahali ikawa maonyesho ya mavazi yenye mziki nyuma. Lakini ukitoka London ambayo milango mingi ya klabu za West End, katikati ya jiji, inamkataa kijana mweusi kwa kisingizio cha mavazi, mlango wako mwenyewe unaodai mavazi una maana nyingine kidogo.

Kuhusu kurudisha ngoma. DJ anaachia ngoma, sekunde kumi na tano za kwanza ukumbi unalipuka, watu wanapiga ukuta, wanapiga kaunta, MC anadai, DJ anaisimamisha kwa mkono, anairudisha nyuma kwa ule mlio, anaianza upya. Hii ni ya saundi za Jamaika na imepitia jungle, haikuzaliwa Elephant. Ninachosema ni kwamba inafanya kazi vizuri zaidi kwenye chumba kidogo. Kwenye ukumbi wa watu elfu mbili DJ yuko juu kwenye jukwaa, hawezi kujua kama ni ukumbi wote unadai au ni wale kumi wa mbele. Kwenye baa DJ yuko usawa wa macho yako, pengine meza yake iko pale ambapo jana kulikuwa na mashine ya kamari, unaweza kumgusa, anasikia kila kitu. Inakuwa mazungumzo. Tabia hiyo ikakaa kwenye mziki, mpaka leo mtu wa garage akipiga uwanja mkubwa anarudisha ngoma kana kwamba yuko kwenye chumba cha watu mia.

Basi baa ikajaa, ikawa haitoshi, watu wakasambaa: Arches, Frog and Nightgown ya Old Kent Road, halafu kumbi kubwa. Redio za wizi, zisizo na leseni, juu ya magorofa zikabeba sauti hiyo mpaka kwenye magari na majiko ya watu, Freek FM humo, alikoanzia DJ EZ, serikali inapanda juu inang'oa antena, kesho yake imerudi. Mwaka 1997 magazeti yakaibatiza "speed garage", jina ambalo wenyewe wengi hawakulipenda. Mdundo wenyewe ukabadilika tena, wakaanza kutoa kiki, ule mshindo mzito wa ngoma, ya pili na ya nne ukabaki unayumba, ndo 2-step. Januari 2000 Dreem Teem, yaani Spoony, Mikee B na Timmi Magic, wakaingia Radio 1 ya BBC. Kutoka baa mpaka redio ya taifa ni kama miaka mitano hivi. Hapo napita haraka kwa sababu hiyo sehemu kila mtu anaisimulia na kwa kisa chetu imeshamaliza kazi yake, chumba kimeshaacha alama.

Ila nina neno na hizi seti za sasa hivi. Tangu Boiler Room, wale wanaorusha seti za DJs mtandaoni, ianze London mwaka 2010, na hasa baada ya ile seti ya DJ EZ ya 2012 ambayo imezunguka dunia nzima, kupiga garage sehemu isiyo ya kawaida imekuwa aina yake ya burudani: duka la kahawa, kinyozi, duka la kebabu, kwenye basi, kando ya stesheni. Nyingine ni tamu, siwezi kudanganya, na EZ kwenye ile seti anakata na kurudia vipande kwa vidole utadhani ana mikono minne. Lakini angalia kazi ya chumba kwenye hizo za duka la kahawa. Chumba ni pazia la nyuma. DJ anapiga kile kile ambacho angepiga klabuni, kwa sababu anayempigia hayupo mle ndani, yuko kwenye simu Manchester au Mombasa. Watu ishirini wanaocheza mle wamealikwa wacheze. Mwisho wa nusu saa wanafunga, wanatoa kamera, duka linaendelea kuuza. Hakuna Jumapili ijayo, na bila Jumapili ijayo hakuna kundi la kumwambia DJ kwamba ile ngoma ya wiki iliyopita ilizama karibu na dirisha. Wakipiga kwenye kinyozi hicho hicho kila wiki kwa mwaka mzima bila kamera ndo ningependa kusikia kinachotoka, na nina uhakika kingetoka kitu, maana kinyozi kina vigae na vioo na mashine zinanguruma na hakuna besi ya kawaida inayopona humo.

Baa yenyewe ilipata misukosuko yake. Elephant yote ikaanza kubomolewa na kujengwa upya, majumba ya Heygate yakashuka, bei za nyumba zikapaa. Mwaka 2015 ikafungwa na ukaja mpango wa kuigeuza ofisi ya madalali wa nyumba, vijana wakaivamia wakakaa ndani kupinga, halmashauri ya Southwark ikaisajili kuwa mali yenye thamani kwa jamii, ule mpango ukafa na 2016 baa ikafunguliwa tena. Ministry nayo mwaka 2014 iliponea kwenye mgogoro wa ghorofa la makazi la ng'ambo ya barabara kwa makubaliano ya kisheria ambayo anayenunua nyumba pale anakubali tangu mwanzo kwamba kelele za klabu zipo na zina haki ya kuwepo. Kwa hiyo majengo yote mawili ya kisa hiki bado yamesimama, dakika tano kutoka moja mpaka lingine, unaweza kwenda kuyapima mwenyewe kwa miguu.